Kahawa Ndani ya Bawa

Juzi nilikuwa saluni, hapa Rwamishenye, nimenyoosha vidole mbele ya binti anayepaka rangi ya kucha, na rafiki yangu pembeni ananisimulia vituko vya wifi yake. Binti akafungua kichupa. Harufu ilipotoka tu, nikachomoa vidole, nikajikuta nasema funga, funga hicho kitu. Binti akacheka: "Dada, ni rangi tu jamani." Ndiyo, ni rangi tu. Lakini pua yangu haikubali. Pua yangu inajua kwamba harufu hiyo ni ya ndege, na kwamba ndege hiyo inataka kumuua baba yangu.

Msicheke. Wenzangu mliokulia vijijini Muleba mnakumbuka harufu za kwetu: ndizi mbivu zilizofukiwa, moshi wa jikoni, senene wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Mimi nilizipata zote hizo, na juu yake nikaongezewa dawa ya kukaza kitambaa cha ndege. Inanuka vilevile kama rangi ya kucha, ila kwa ndoo nzima.

Tata, yaani baba yangu, maana kwetu baba ni Tata, alikuwa fundi wa injini za boti pale Kemondo. Michoro ya ndege aliletewa na kaka yake aliyekuwa anasoma ng'ambo, karatasi nyingi kubwa, akazigongomea kwenye kuta za banda la kahawa mpaka hapakubaki nafasi ya kutundika hata jembe. Injini ilitoka kwenye kigari cha zamani kilichofia kwenye shamba la mtu. Mbao zote zilipita mikononi mwa Ta Ishengoma, fundi wa mashua, mtu mzima kuliko Tata, ambaye sisi watoto tulifundishwa kutolitaja jina lake bila hilo "Ta" la heshima mbele. Kitambaa cha mabawa alishona Mzee Sadiki, fundi cherehani wa Bukoba mjini, ambaye babu zake walitoka pwani na hakuwahi kuacha siku ipite bila kutukumbusha.

Kijijini watu walitutania sana. Nikipita kwenda shule: "Koku, msalimie rubani!" Nikirudi: "Koku, mmefika Ulaya?" Mimi nilikuwa darasa la pili, nikawa nawarushia maneno hayohayo, lakini ndani yangu sikuwa na la kucheka. Mama hakuwahi kukanyaga bandani. Chakula cha Tata alikifunika akanikabidhi mimi, na kila mara aliniambia maneno yaleyale tu: "Mpe, urudi." Ndiyo maana mimi, kati ya watoto wote, niliona na kusikia mengi kuliko nilivyostahili.

Kitu ambacho watu hawajui kuhusu kutengeneza ndege ni kwamba siku nyingi hutengenezi, unafumua. Tata na Ta Ishengoma walikuwa wanafunga kitu wiki nzima, halafu Jumamosi wanasimama mbele ya mchoro, wanaanza kuguna, mara bisibisi zinatoka na kila kitu kinarudi chini. Boliti za mkia walizifunga zote vichwa chini, kwa mazoea tu, mpaka Tata akaona kwenye mchoro kwamba vichwa vinatakiwa juu, ili hata nati ikidondoka angani boliti ibaki shimoni kwa uzito wake. Wakazitoa zote. Bawaba moja ya usukani wa mkia waliifunga kinyume, wakaifumua na kitambaa juu yake. Mtu mwingine angekasirika. Tata alikuwa anafurahi, anapiga kofi pajani, kisha uso unabadilika na anasema, si kwa mtu yeyote: "Hili tumelipata. Ambalo hatujalipata ni lipi?"

Mungu wangu, swali lile. Nilikuwa nasimama mlangoni na sahani mkononi, natazama ile ndege nyeupe isiyo na mabawa, na najua kuna kitu ndani yake kimejificha kinamsubiri baba yangu apande. Wao walikuwa wanasema kosa. Mimi nililiona kama kitu chenye macho.

Sheria ya bandani ilikuwa moja: mkono wa mtoto usiguse. Siku moja niliokota nati ndogo sakafuni, inang'aa, nikaitia mfukoni bila kufikiri. Tata aliitafuta mchana mzima. Nilipoitoa hakunichapa, ila alipiga meza kwa ngumi, vikombe vikaruka, akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo. Tangu siku hiyo nilipoingia nilishika mikono yangu nyuma.

Sasa nije kwa Bibi. Bibi, mama yake Tata, alikuwa na kijikapu chake cha akamwani, zile kahawa za kutafuna zinazochemshwa na majani ya harufu nzuri kisha zinaanikwa na maganda yake mpaka zinakuwa ngumu kama changarawe. Mgeni akiingia kwetu, kabla hajaulizwa habari, anapewa akamwani. Hata mtu mliyegombana naye. Bibi alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa rozari yake. Kwake nyumba ambayo mgeni anaingia na kutoka bila kutafuna kitu haikuwa nyumba, ilikuwa zizi.

Siku moja alikuwa anachambua kahawa uani, nami namsaidia, akaanza habari za marehemu Babu. "Babu yako akitaka kuvuka kwenda visiwani, hakurukia tu mtumbwini kama mwehu. Anatupa kwanza akamwani majini, anamsalimia Mugasha. Ziwa lake, upepo wake. Unaingia kwa mtu bila kumsalimia?"

"Na akisahau?"

"Wapo waliosahau," Bibi akasema. Akaendelea kuchambua. Kisha akashtuka mwenyewe, akafanya ishara ya msalaba. "Hayo ni ya zamani. Sisi ni Wakristo. Na usiende kumwambia Padre."

"Bibi, upepo wa juu nao ni wake?"

Alitazama upande wa banda, ambako Tata alikuwa anapiga nyundo. "Juu kuna Mungu," alisema. Lakini alilisema taratibu mno, na mtoto anajua mtu mzima anaposema kitu ambacho hana hakika nacho.

Jumamosi iliyofuata Tata na Ta Ishengoma walikwenda barabarani kupokea tairi za ndege. Bawa la kulia lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili, chini juu, kitambaa kimekauka, kinanuka ile harufu. Kwenye tumbo lake kulikuwa na kidirisha cha duara, upana wa kikombe cha chai, cha kuchungulia waya na kapi la kupitishia waya lililo ndani. Kifuniko chake kilikuwa bado hakijafungwa. Nikaweka chini sahani ya chakula. Nikatoa kwenye gauni kiganja kimoja cha akamwani nilizoiba kwenye kapu la Bibi. Nilikwisha fikiri vizuri, kwa akili ya miaka minane: Tata hatakuwa na mikono ya kutupa kitu akiwa juu, anaongoza, na bawa ndilo linalogusana na upepo. Basi salamu zikae bawani. Nikazimimina mle kidirishani. Zikagonga kitambaa kwa ndani, tatata, zikatulia. Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao kama tunavyowasalimia wakubwa, nikatanguliza neno letu la heshima, nikasema, "Waitu, huyu anayekuja ni Tata. Usimuumize."

Nilitoka pale mwepesi. Haki ya Mungu, usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu ndege ianze.

Siku chache baadaye waliyafunga mabawa kwenye ndege. Tata akakaa kwenye kiti, akashika ule mti wa kuongozea ulio katikati ya magoti. Akiulaza kushoto, vibawa vidogo vya mwisho wa mabawa vinaitika, kimoja juu kimoja chini. Akiulaza kulia, vinaanza kuitika, halafu: ko. Vinagoma. Anarudia, ko. Mara nyingine vinapita vizuri, anaanza kutabasamu, anarudia: ko.

Walifungua kidirisha, wakaingiza kioo na tochi. Waliona waya, wakaona kapi ambalo waya unapitia, nusu yake. Upande wa pili wa kapi haukuonekana. Nilikuwa mlangoni na sahani, na niliona bawa lenyewe ni lile la kulia. Sikuwa na hakika bado. Nilijiambia labda ni kitu kingine. Makosa yalikuwa mengi, kwa nini hili liwe langu?

"Kapi lako limekaa upande," Tata akasema.

"Kapi langu?" Ta Ishengoma akauliza.

"Wewe ndiye uliyetoboa."

"Nilitoboa pale ulipoweka alama wewe."

"Basi hukutoboa wima."

Ta Ishengoma aliweka patasi mezani, polepole sana. "Nimejenga mashua tangu wewe unanyonya. Hakuna hata moja iliyorudisha maiti kwa sababu ya tundu langu."

"Mashua ikikosea unaogelea," Tata akasema. "Hii ikikosea?"

Ta Ishengoma akakusanya zana zake moja moja, akazitia kwenye gunia, akasema, "Tafuta anayejua kutoboa." Alipita uani bila kumuaga Bibi, kitu ambacho kilikuwa hakijawahi kutokea, na Bibi alisimama na kapu lake mkononi anamtazama mgongo mpaka akapotea migombani.

Kesho yake Tata alifanya kazi peke yake. Alilegeza waya, akaukaza, akalipiga bawa kofi kwa chini. Akaenda kitini, akalaza mti kulia. Ukapita. Akarudia, ukapita. Mara kumi, ukapita. "Koku!" akaita, anacheka peke yake kama mtoto. "Nimelipata! Waya ulikaza mno, basi!"

Mimi nilikuwa nimesikia. Alipolipiga lile kofi, ndani ya bawa kitu kilibingirika, krrr, kikaenda kikasimama. Tata hakusikia, masikio yake yalikwisha haribiwa na injini za boti, hata redio tulikuwa tunaipandisha kwa ajili yake. Hapo nikajua. Kile kitu chenye macho nilichokuwa nakiogopa miezi yote ile, kinachomsubiri baba yangu ndani ya ndege, nilikiweka mimi kwa mkono wangu.

Siku ya kwenda kuijaribu rweyani, kule nyikani, ilipangwa Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya Misa. Siku tisa tangu Ta Ishengoma aondoke. Nyie mnaosema utoto hauna mawazo, mimi nawauliza mlikulia wapi. Nilikuwa sili. Bibi alipoona kapu lake limepungua alilalamika kwamba panya wa nyumba hii wameanza kutafuna kahawa, nikakimbilia chooni. Kila asubuhi niliamka nikisema leo namwambia, na kila jioni nilikuwa sijamwambia.

Mara moja tu nilijaribu. Alikuwa amelala chali chini ya ndege, ameshika spana.

"Tata."

"Eeh."

"Ndege ikikosea..."

"Ndege haikosei. Wanaokosea ni watu."

"Na mtu aliyekosea?"

Hakutoa hata kichwa. "Simtaki bandani kwangu. Akae huko kwao."

Leo najua alikuwa anamwazia Ta Ishengoma, na kwamba alilisema kwa uchungu wa mtu aliyempoteza rafiki. Lakini mimi nilisikia hukumu yangu. Nilijiuliza kwao kwangu ni wapi, kama si hapa. Nikahesabu ndugu wote, nani angenipokea, yule shangazi wa Izimbya ana watoto saba tayari. Nikaamua kunyamaza, nimuombee.

Jumapili ikafika. Rweya ni ile nyika ya majani mafupi inayoanza pale migomba inapoishia, watu wanachunga ng'ombe na kukata nyasi za kutandika nyumbani. Tata alikuwa amefukia mashimo yote ya njia. Karatasi ya ruhusa aliyokuwa nayo ilisema kukimbia ardhini tu, lakini kijiji kizima kilijua kwamba akiona inataka kunyanyuka hataikatalia. Mama alibaki jikoni. Watu walijaa, waliotoka Misani na wasiokwenda. Mzee Sadiki alikuja na mwavuli na kanzu iliyopigwa pasi, anazunguka bawa na kuonyesha watu: "Tazameni mshono huo! Mtautafuta wapi mshono huo?" Ta Ishengoma hakuwepo.

Tata akavaa helmeti ya pikipiki. Injini ikawaka, majani nyuma ya ndege yakalala chini, watoto wakapiga mayowe. Akalaza mti kushoto, kulia, vikaitika. Akainua kidole gumba. Bibi alikuwa amenishika bega, na nilisikia anasali kwa Kihaya. Ndege ikaanza kujongea.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kitambaa cha bawa mikononi mwangu. Nilikuwa nimekimbia kutoka pembeni, nimeng'ang'ania ncha ya bawa la kulia kwa uzito wangu wote, miguu inaburuzwa, na ndege inazunguka taratibu kunifuata. Watu wanapiga kelele. Injini ikakatika.

Tata alishuka akaja, uso siujui. "Unataka kufa? Unataka kufa, mtoto?" Mkono wake ulikuwa juu.

"Kuna akamwani," nikasema.

"Nini?"

"Ndani ya bawa. Niliweka mimi. Za kumsalimia Mugasha."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, wengine wakadakia. Bibi aliweka kiganja mdomoni. Tata akauendea ule mti wa kuongozea, akautikisa kulia, kushoto, vibawa vikaitika vizuri kabisa. Nikaona anaanza kutoniamini, na hofu niliyoipata hapo ilizidi ile ya kuchapwa. Angeweza kurudi kitini. Nikalia, "Tata, sikiliza! Litikise usikilize!"

Alilitikisa bawa, akaweka sikio. Hakusikia kitu, angesikia vipi? Akainuka, akamtazama Mzee Sadiki. "Hebu wewe."

Mzee Sadiki akafunga mwavuli, akainama, akaweka sikio kwenye mshono wake mwenyewe. Tata akatikisa tena. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, kuna kitu kinatembea humu."

Wale waliokuwa wanacheka wakasogea. Tata akatoa kisu mfukoni, akachana kitambaa kuanzia kidirishani kwenda mbele, urefu wa mkono. Mzee Sadiki aligeuza uso. Tata akaingiza mkono, akatoa kahawa moja, akaitia kwenye helmeti. Akatoa ya pili. Akaendelea. Moja ikamshinda. Akachana tena, akainamia, na sote tuliokuwa karibu tuliiona: ilikuwa imenasa pembeni mwa kapi, waya umekwisha itafuna upande mmoja. Akamwomba Mzee Sadiki aulaze mti kulia, mpaka mwisho. Mti ukaenda. Aurudishe kati. Ukarudi. Aulaze tena. Kahawa ikavutwa ndani na waya. Ko. Mti ukagoma kulekule kulia, na Mzee Sadiki, kwa mikono yote miwili, hakuweza kuurudisha.

Tata alitazama mwisho wa rweya, pale penye mikaratusi. "Pale ningekuwa napinda," alisema. Hakuwa anamwambia mtu.

Hakunichapa. Alinishika kiganja, akaondoka nami kupitia migombani bila kusema lolote, ameiacha ndege yake na watu wote rweyani. Nilijua ananipeleka kuniacha. Niliwaza nguo zangu, nikawaza sikumuaga Mama, na sikuthubutu kuuliza tunakwenda kwa nani.

Tulikwenda kwa Ta Ishengoma. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, mbele ya mashua aliyoianza na kuiacha, imefunikwa majani makavu ya migomba. Alikuwa amekonda. Hakusimama.

"Ta Ishengoma," Tata akasema, "tundu lako lilikuwa wima."

Kisha akanisukuma mbele kidogo. Nikapiga magoti nikasema yote, kapu la Bibi, kidirisha, Mugasha, kofi la bawa, yote. Ta Ishengoma alisikiliza bila kunitazama.

"Umejua siku ngapi?"

"Nane, waitu. Na moja ya kuhisi."

"Tisa," akasema. Akainua mikono yake akaitazama. "Tangu siku ile sijashika randa. Kila nikiutazama huu mkono naona ndio utakaomuua huyu. Usiku naamka natoboa lile tundu upya kichwani. Mke wangu ameshadhani nimerogwa."

Jamani. Siku zote tisa nilidhani hofu ile ni yangu peke yangu, kumbe mzee mzima alikuwa amebeba nusu yake bila kosa lolote, na ningeweza kumtua kwa neno moja. Nililia pale chini mpaka nikakwama pumzi. Hakunibembeleza. Aliacha nimalize, kisha akamwambia Tata, "Kesho tunafungua na bawa la kushoto."

"La kushoto sikuweka kitu," nikasema. "Haki ya Mungu, sikuweka."

"Najua," akasema.

Kesho yake nilipotoka shule niliwakuta bandani, wamekwisha chana kitambaa cha bawa la kushoto. Mzee Sadiki alikuwepo, amekaa kwenye ndoo, anatazama kazi yake ikichanika kwa mara ya pili, na safari hii hakugeuza uso. Ta Ishengoma alikuwa ameingiza mkono hadi kwapani. "Fundi," akaita. "Njoo uguse hapa."

Tata akagusa. Akaleta tochi. Boliti inayoshikilia kapi la kushoto ilikuwa na nati, ndiyo, lakini nati ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu, haikukazwa, na ile pini ya waya inayopita katikati kuizuia isifunguke haikuwepo. Tundu la pini lilikuwa safi, halijawahi kupitisha kitu. Safari moja ya kutetemeka kwa injini ingetosha. Walitazamana wale wanaume wawili, kila mmoja anajaribu kukumbuka ni nani aliyefunga pale, siku gani, na nani alimwita mwenzake kula kabla kazi haijaisha. Hakuna aliyekumbuka.

"Hii si ya mtoto," Ta Ishengoma akasema.

Tata aliweka tochi mezani ikiwa bado inawaka, akatoka nje, akazunguka nyuma ya banda. Tukamsikia anatapika. Alitapika muda mrefu, na Ta Ishengoma akanishika kichwa akakigeuza nisitazame mlangoni. Ndipo nilipojua kwamba baba yangu alikuwa anaogopa. Ule ukimya wake, ile ngumi ya mezani, yote niliyoiita hasira, ilikuwa hofu, na alikuwa ameivaa mwaka mzima mbele yetu.

Waliifumua ndege yote. Kila nati ilitoka ikarudi, mmoja anafunga, mwingine anakagua, kisha wanabadilishana. Senene walikuja wakaondoka, mvua zikaja zikaisha, Mzee Sadiki akashona mabawa upya huku analaani ukoo wetu mzima kwa lugha nzuri ya pwani.

Siku ndege iliporuka sikwenda. Nilibaki jikoni na Mama, tunamenya ndizi. Tulisikia injini inawaka kule rweyani, ikapanda sauti, ikapanda tena, na Mama akaacha kumenya, kisu kimekwama katikati ya ganda. Kisha injini ikanyamaza. Ghafla tu, kimya. Na kwa sikio huwezi kujua kama imenyamaza kwa kushuka au kwa kuanguka. Hakuna aliyepiga kelele, au kama zilipigwa hazikutufikia. Mama alinishika mkono kwa ule wake wenye utomvu wa ndizi, akanibana mpaka mifupa ikauma, na hakuna kati yetu aliyeweza kusimama kwenda mlangoni. Sijui tulikaa vile muda gani. Maji yalichemka jikoni yakazima moto.

Halafu tukawasikia njiani, wawili, wanakuja wanabishana kwa sauti kubwa za watu ambao injini imewaziba masikio. Tata alikuwa anasema ilipanda kimo cha mgomba. Ta Ishengoma alikuwa anasema kimo cha mbuzi.